Kubadilisha bodi ya kamera au kubaki nayo: kisa cha studio ya watu wawili

Usuli

Kisa hiki ni cha studio ndogo ya watu wawili: mwenye studio, ambaye ndiye mpiga picha mkuu, na mwenzake anayepiga naye kwenye hafla na kushika sehemu kubwa ya uhariri. Majina, mahali na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa. Mimi niliingia kama mshauri. Swali lao ni lile ambalo wapiga picha huniuliza kila kamera mpya inapotangazwa: tununue au tusubiri?

Kazi yao kubwa ilikuwa harusi na sherehe za usiku, kisha mikutano ya ndani ya kumbi. Walikuwa na bodi mbili (yaani kamera bila lenzi) za Sony A7 III, kamera iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na sensa ya fremu kamili na megapikseli 24. Moja waliinunua ikiwa mpya, ya pili ikiwa imekwisha tumika. Lenzi mbili ndizo zilizobeba karibu kazi yote, 24-105mm f/4 na 85mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi na kuingiza mwanga zaidi). Flashi walikuwa nayo ila hawakuipenda, wakisema inaua hali ya ukumbi. Kompyuta ya kuhariri ilikuwa na umri wake, na programu ya kuhariria ilikuwa toleo la zamani lisilopokea tena masasisho.

Oktoba 2021 Sony ikaitangaza A7 IV. Megapikseli zilipanda hadi 33. Nukta za otofokasi zilitoka 693 hadi 759, na hesabu yenyewe ya kutambua jicho na kulifuata ikawa imeboreshwa sana. Video ikawa ya biti 10 badala ya 8, na 4K ikafika fremu 60 kwa sekunde. Skrini sasa iligeuka upande wowote. Mwenye studio alikuwa tayari kuweka oda kabla kamera haijafika madukani.

Malalamiko waliyokuja nayo

Nilipouliza A7 III imewashinda wapi, majibu yalikuja haraka. Picha za watu wakicheza muziki zinatoka na ukungu. Fokasi inakosa sura. Gizani picha zinajaa chembechembe. Kamera inakwama katikati ya tukio, inaonyesha kuwa bado inaandika kwenye kadi huku tukio linapita. Na wakitumia shata ya kimya kwenye mikutano, taa za LED zinaacha michirizi.

Yote matano yalikuwa ya kweli. Nilichotaka kukijua ni kama yote yana chanzo kimoja, kwa sababu wao walikuwa wamekwisha kuyapa dawa moja.

Kufungua picha zilizotupwa

Sikuanza na jedwali la sifa za kamera. Niliomba folda za picha walizozikataa katika msimu uliotangulia, na kwa bahati nzuri hawakuwa na tabia ya kuzifuta. Tulikaa watatu mbele ya skrini, kila picha tukaipa sababu moja tu ya kukataliwa, na sababu hiyo ilipaswa kuonekana ndani ya picha au kwenye taarifa zake: kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia), kitundu cha lenzi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), mahali fokasi ilipotua. Kumbukumbu ya mtu haikukubalika kama ushahidi.

Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la picha ambazo mtu amesogea wakati shata iko wazi. Lenzi iko f/4, kwa kuwa ile ya 24-105 haiwezi kufunguka zaidi ya hapo. ISO imezuiwa isipite 6400 kwa kuogopa chembechembe. Shata nayo, kwa kukosa mwanga, imeshuka hadi 1/60 ya sekunde. Mtu anayecheza hatulii kwa 1/60. Anahitaji walau 1/250. Kutoka 1/60 kwenda 1/250 ni stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Hakuna tofauti ya namna hiyo kati ya sensa ya A7 III na ya A7 IV. Picha zikilinganishwa kwa ukubwa uleule wa kuchapisha, uwezo wa kamera hizi mbili gizani unakaribiana sana. Lenzi ya f/1.8 ikichukua nafasi ya f/4 huingiza mwanga karibu mara tano. Hesabu ni rahisi: gawanya 4 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe.

Kundi la pili lilikuwa la fokasi, na hapa ukweli haukuwa wa upande mmoja. Tuligundua kwamba picha nyingi zilizokosa fokasi zilitoka kwenye bodi moja, ile iliyonunuliwa imetumika. Programu yake ya ndani ilikuwa ya zamani. Toleo la 3.0 la programu hiyo, lililotolewa Aprili 2019, liliiwezesha A7 III kulifuata jicho lenyewe pindi unapobonyeza shata nusu. Kabla yake ilikubidi ushikilie kitufe cha pekee. Mwenzake alikuwa akipiga hafla nzima akiamini kamera inafuata macho, kumbe inafuata chochote kilicho mbele. Sasisho halina gharama. Hata hivyo, tukizitoa picha za bodi hiyo, zilibaki nyingine ambazo sasisho lisingeziokoa: watu wanaogeuka ghafla, wageni wanaopita mbele ya maharusi, sura iliyofichika nusu. Niliandika pembeni kwamba hizo ndizo hoja halisi ya kununua bodi mpya.

Chembechembe, lalamiko lililosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, hazikuwa na kundi. Picha zilizokataliwa kwa chembechembe peke yake zilikuwa za kuhesabika, na karibu zote zilikuwa zimepigwa giza kisha zikaangazwa kwenye kompyuta. Walikuwa wakiogopa ISO 12800, na woga huo ndio uliozaa ukungu wa mwendo. Mteja huisamehe picha yenye chembechembe kidogo. Ile iliyotikisika haisamehi.

Kukwama kwa kamera hakukuonekana kwenye folda, maana picha ambayo haikupigwa haiachi faili. Hilo tulilijaribu kwa mkono. Walikuwa wakiandika RAW (faili ghafi yenye data yote ya sensa) isiyobanwa kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Faili moja ya namna hiyo ni takriban megabaiti 48, yaani megapikseli 24 kwa baiti mbili kila pikseli. Nafasi ya kwanza ya kadi kwenye A7 III ni ya UHS-II, ambayo njia yake hupitisha hadi megabaiti 312 kwa sekunde. Ya pili ni ya UHS-I, isiyozidi 104. Unapoandika kitu kilekile pande zote, mwendo unaamuliwa na upande wa polepole. Tukaweka RAW iliyobanwa kwenye kadi ya kwanza na JPEG kwenye ya pili kama akiba, na kukwama kukapungua kiasi kwamba halikutajwa tena.

Michirizi ya LED haikuhitaji mjadala mrefu. Shata ya kimya husoma sensa mstari kwa mstari, na taa zinazometa huacha alama kati ya mstari na mstari. Kuiondoa kunahitaji sensa inayosomwa kwa kasi kubwa mno, zile za tabaka kama ya Sony A9 ya 2017 au A1 ya 2021. A7 IV haina sensa ya aina hiyo, kwa hiyo wangelipa na michirizi wangeikuta palepale.

Kuikodi kwa hafla moja

Kazi ya folda ilituambia mengi kuhusu kamera ya zamani. Kuhusu mpya tulikuwa na maneno ya tangazo tu. Nikapendekeza waikodi kwa hafla moja isiyo na hatari kubwa, mwenzake aibebe pamoja na A7 III iliyosasishwa, lenzi ya 85mm ihame kati ya bodi hizo mbili, mipangilio ibaki ileile.

Usiku walipofungua picha walinipigia simu wakiwa wamevunjika moyo: kamera mpya ina chembechembe zaidi! Walikuwa wakizitazama picha zote kwa asilimia 100. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kosa hili huamua ununuzi mwingi, kwa upande wa kununua na kwa upande wa kukataa. Picha ya A7 III ina upana wa pikseli 6000, ya A7 IV 7008. Kwa asilimia 100 skrini huonyesha pikseli moja kwa moja, kwa hiyo picha ya A7 IV imekuzwa zaidi, na kila kilichomo kimekuzwa nayo: chembe, mtikisiko, hata udhaifu wa lenzi. Unalinganisha picha mbili za ukubwa tofauti huku ukiamini ni sawa. Tulipozipunguza zote ziwe na upana mmoja, mwenye studio hakuweza kusema ipi ni ipi.

Megapikseli nazo zilipungua uzito baada ya hesabu hiyohiyo. Kutoka 24 hadi 33 husikika kama ongezeko la zaidi ya theluthi, na kwa eneo ni kweli. Kwa upana, ambao ndio jicho huuona kwenye ukurasa, ni asilimia 17 hivi. Ukurasa wa albamu wenye upana wa sentimita 30, ukichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, unatumia pikseli kama 3,540. Kamera zote mbili zinauzidi kwa mbali. Faida inabaki kwa anayekata picha sana baada ya kupiga, na wao hawakuwa na desturi hiyo.

Kwenye fokasi kamera mpya ilitamba. Katika umati wa watu wanaocheza ililishika jicho la bibi harusi na kulirudia hata baada ya mtu kupita mbele, mara nyingi kuliko A7 III iliyosasishwa. Mwenzake alisema waziwazi kwamba kwa mara ya kwanza hakuifikiria fokasi usiku kucha.

Kulikuwa na mambo ambayo tangazo haliyapi nafasi kubwa. Fremu 10 kwa sekunde za A7 IV zinapatikana ukikubali RAW iliyobanwa kwa kupoteza data. Ukitaka isiyopoteza, kasi hushuka hadi takriban fremu 6. RAW isiyobanwa ni kama megabaiti 66 kila moja. Programu yao ya kuhariri ilikataa kabisa kuzifungua faili hizo, kwa kuwa toleo la zamani halikuijua kamera ambayo haikuwepo lilipotengenezwa. Adobe hutoa bure kigeuzi cha kuzipeleka kwenye DNG (aina ya faili ghafi ya Adobe) na kilifanya kazi, ila kiliongeza hatua nzima kwenye ratiba. Na kompyuta ikawa nzito.

Uamuzi na sababu zake

Tulipiga hesabu ya mnyororo wote badala ya bodi peke yake. Upande wa kununua kulikuwa na bodi, diski za kuhifadhia, programu mpya na, kabla mwaka haujaisha, kompyuta. Tuliandika pia vitu visivyohitaji kubadilishwa: lenzi zile zile, na betri ya NP-FZ100 inayotumika kwenye kamera zote mbili. Upande wa kubaki kulikuwa na lenzi ya 35mm f/1.8, stendi na kichochezi cha kuiwasha flashi ikiwa mbali na kamera, na kadi bora. Upande huu ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa kwanza, na uligusa kundi kubwa kuliko yote kwenye folda.

Mwenye studio akakubali kusubiri. Mwenzake akapinga. "Lenzi haitanifuatia jicho," alisema, na nilisisitiza maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za uamuzi kwa sababu yalikuwa sahihi. Walichoafikiana ni kusubiri msimu mmoja kwa masharti mawili yaliyoandikwa. Bodi mojawapo ikianza kusumbua au shata yake ikikaribia mapigo 200,000, kiwango ambacho Sony imekitaja kwa A7 III, wanunue mpya bila mjadala. Na kama fokasi bado itakuwa sababu ya pili ya kukataa picha baada ya sasisho na lenzi mpya, swali lifunguliwe upya.

Neno video halimo kwenye masharti hayo. Limo kwenye orodha ya sifa tuliyoichora, likiwa na alama ya "haituhusu".

Matokeo

Kwa upande wa picha, msimu uliofuata ulikwenda vizuri. Lenzi ya 35mm iliishi kwenye bodi moja na 85mm kwenye nyingine, ISO ikaruhusiwa kufika 12800, na ukungu wa mwendo ukaacha kuwa sababu ya kwanza ya kukataa picha. Flashi iliyowekwa kando na kupigwa kwenye dari ilimbadilisha hata mwenye studio aliyekuwa haitaki. Kukosa fokasi kulipungua ila hakukuisha. Kuliendelea kumkera mwenzake, hasa kwenye dansi.

Kwa upande wa video mambo yakawa tofauti. Wateja walianza kuomba picha na filamu fupi kwa pamoja. Studio ilijaribu kwa A7 III, ikipiga kwa S-Log, mfumo wa Sony wa kurekodi video yenye rangi zilizofifishwa, ili kupata nafasi ya kurekebisha rangi. Video ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na S-Log huzibana ngazi hizo katika eneo dogo. Ukizivuta wakati wa uhariri, kuta zenye mwanga unaofifia hukatika vipandevipande na rangi ya ngozi huwa na mabaka. Biti 10 ingewapa ngazi 1,024. Mwendo wa polepole kwa 4K pia haukuwezekana, kwani A7 III inaishia fremu 30. Kuna kazi walizifanya kwa shida na kuna walizozikataa.

Hatimaye walinunua A7 IV moja, iliyotumika, kwa ajili ya video na kwa ajili ya mwenzake kwenye dansi. A7 III waliyoiuza ili kuongezea fedha ilikuwa imeshuka thamani kuliko msimu uliotangulia. Hivyo ndivyo soko la vifaa vilivyotumika linavyofanya mrithi wa kamera akishaenea.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni folda ya picha zilizokataliwa. Iliyatenganisha malalamiko matano yaliyokuwa yamefungwa pamoja: moja likawa la lenzi, moja la mipangilio ya kadi, moja la woga wa ISO, moja halikuwa na dawa kwenye bodi iliyokuwa ikifikiriwa, na moja, la fokasi, likagawanyika kati ya sasisho la bure na hoja ya kweli ya kununua. Bila mgawanyo huo wangeipata kamera mpya, wakaifunga lenzi ya f/4, wakaiacha shata 1/60, na ukungu ungewafuata hadi kwenye megapikseli 33.

Kukodi kulifanya kazi kwa sababu kulihusisha siku nzima ya kazi, kuanzia kupiga hadi kukabidhi. Kamera iliyojaribiwa dukani kwa dakika chache haiwezi kukuonyesha kwamba programu yako haizifungui faili zake. Na ni kukodi kulikompa mwenzake ushahidi wa hoja yake. Kabla ya hapo alikuwa anaonekana mtu anayetamani kifaa kipya tu.

Kilichoshindwa kilikuwa ndani ya mbinu ileile iliyofanikiwa. Folda ya picha huonyesha kazi ulizozikubali. Haiwezi kuonyesha kazi uliyoikataa, wala mteja aliyepiga simu akauliza kama mnapiga filamu, akasikia hapana, akaondoka. Tulipata onyo la hili mapema, pale kukwama kwa kamera kulipokosekana kwenye folda kwa kuwa picha haikupigwa, na tukalichukulia kama jambo la kadi peke yake. Swali la wateja wanaogeuzwa mlangoni lilipaswa kuulizwa siku ileile. Mwenzake, ambaye ndiye aliyepokea simu nyingi, alikuwa na jibu lake kichwani wakati wote. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya kamera na yeye alikuwa amekwisha kuwekwa upande wa fokasi.

Je, wangenunua tangu mwanzo? Nadhani hapana, na nasema hivyo nikijua thamani waliyoipoteza kwenye A7 III. Lenzi na flashi wangezihitaji kwa vyovyote, na oda ya mapema ingezila fedha hizo zote. Ila bodi moja, badala ya mbili walizokuwa wakizifikiria, ilistahili kuingia kwenye mpango katikati ya msimu, simu za filamu zilipoanza kurudiarudia. Masharti yaliyoandikwa yaliwafunga kwenye kuhesabu mapigo ya shata na picha zilizokosa fokasi, wakati mahitaji yalikuwa yanabadilika upande mwingine.

Kubaki na bodi za vizazi viwili kumewaletea kazi ndogo ambayo haikuwepo. Rangi za A7 III na A7 IV hazilingani kabisa zikiachwa kwenye mizani nyeupe ya kujiendesha (kamera ikikisia yenyewe rangi ya mwanga), hasa kwenye ngozi chini ya taa mchanganyiko. Sasa kabla ya kila hafla wanapima mizani kwa kadi ya kijivu kwenye kamera zote mbili, na mwenzake ametengeneza wasifu wa rangi kwa kila bodi ili albamu moja isionekane imepigwa na studio mbili. Kwenye daftari la maombi ya kazi wameongeza safu ya waliokataliwa na sababu yake, na ndiyo ya kwanza niliyoomba kuiona walipoanza kuuliza kuhusu A7 III iliyobaki.